Wajina wa Tata Ngendo

Jumatatu, 17 Machi 2025. Asubuhi: mawingu mazito, baridi. Mvua ilianza kabla ya kupambazuka, ikawa manyunyu tulipotoka nyumbani.

Maji yameingia tena katika madarasa ya chini shuleni kwa watoto. Kangendo amerudi sketi ikiwa imelowa mpaka kiunoni, maana waliketi juu ya matofali. Gredi ya tano, ya Kangendo, imeunganishwa na ya nne, na Mwalimu Njau anafundisha akiwa mlangoni kwa sababu ndani hakuna pa kuweka mguu. Nilimuuliza leo wamejifunza nini.

"Tuliimba, mum. Mvua ikipiga mabati mwalimu hasikiki, so tunaimba tu."

"Nyinyi angalau mko na mwalimu," Shiko akamwambia. Shiko ni dada yake, yuko gredi ya tisa katika uwanja huo huo. "Wetu wa sayansi alienda Januari na hajaletwa mwingine."

Nilishinda dukani nikishona sare. Wazazi wa upande wetu, hapa nyuma ya viwanda vya Thika, wote huniambia neno moja: acha pindo refu. Sketi ya gredi ya pili inatakiwa iteremshwe kila mwaka mpaka mtoto afike ya tano. Shule za kule Ruiru zenye mabasi ya manjano huagiza pindo fupi. Mwaka ujao watanunua nyingine.

Jumatano, 19 Machi. Mvua usiku kucha. Watoto wamerudishwa nyumbani saa nne.

Jumamosi, 22 Machi. Asubuhi kavu, jua dogo. Mvua saa tisa.

Tata Ngendo alikuja. Ni tata wa watoto, yaani shangazi yao, dada mkubwa wa mume wangu, Kinyanjui. Anafanya kazi ya bima na ana nyumba yake mwenyewe katika mtaa wa geti nyuma ya Kamakis, Ruiru. Aliacha gari barabarani kwa sababu ya matope, akaingia akiwa amebeba unga, mafuta, na viatu vipya vya Kangendo. Shiko alipewa mkono.

Siwezi kumlaumu kwa viatu. Kwao Wakikuyu ndivyo ilivyo: mtu humtunza anayebeba jina lake. Msichana wetu wa kwanza, Shiko, ni Wanjiku, jina la mama yake Kinyanjui, cucu, yaani nyanya yao, wa Gatanga. Wa pili angekuwa Syokau, jina la mama yangu kule Matuu. Kinyanjui aliniomba tumruke mama kwa sababu dada yake hakuwa amejaliwa mtoto. Nilikubali, na mtoto akawa Ngendo. Sisi tunamwita Kangendo ili wasichanganywe. Tata humwita wajina, yaani wa jina lake.

Baada ya chai alisema, "Wajina anaharibika hapa. Hii si shule, Mama Shiko, ni stoo ya watoto."

Ni kweli, na Kinyanjui alijua; akamwongezea chai.

Alitueleza kuhusu shule iliyo ndani ya geti lao. Darasa lina watoto ishirini. Inachukua watoto wa nyumba za mle ndani tu. Mama mmoja alikuwa akimleta mpwa wake kutoka Githurai kila asubuhi, na walipojua, mtoto alitolewa darasani mchana akawekwa getini na begi lake mpaka alipochukuliwa.

"Kwa hivyo lazima alale kwangu," Tata akasema. "Na ajulikane ni wangu."

Nilimuuliza, "Na Shiko? Ndiye ana mtihani mwaka huu."

"Shiko ni wa cucu," alijibu. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekwambia leo ni siku gani. "Mimi niko na huyu mmoja."

Jumapili, 23 Machi. Mvua kubwa tangu asubuhi.

Kinyanjui amekubali. Alisema, "Nani hapa kwa ploti amewahi kupewa nafasi kama hii?" Jirani yetu Akoth alisikia kupitia ukutani, akaniambia tukianua nguo, "Mama Shiko, ukianza kutembelea huko usirudi ukitukunjia pua. Na uniletee mkate wa brown."

Nilicheka. Kangendo aliuliza kama huko kuna bembea.

Jumamosi, 5 Aprili. Mawingu, hakuna mvua.

Tata alimpeleka kufanya mtihani wa kuingia. Amechukuliwa, lakini atarudi gredi ya nne. Hapa kwetu alikuwa namba mbili. Mtoto aliniuliza, "Mum, kwani namba mbili yetu ni ya uongo?" Nikamwambia mtihani wa kule ni tofauti. Kisha nikamwambia aende akalete maji.

Jumamosi, 12 Aprili. Manyunyu.

Nimemshonea sare mpya mwenyewe. Kitambaa kizuri, cha bluu iliyoiva, hakikunjiki. Tata alisema wasingependa iwe na pindo refu, litaonekana. Shiko alikuwa ananishikia tepu nikimpima mdogo wake. Kangendo alipokimbia kujitazama kwa kioo cha Akoth, Shiko alizungusha tepu mkononi polepole.

"Kama cucu angekuwa na nyumba Kamakis," alisema, "saa hii ungekuwa unanipima mimi."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilipozitoa alikuwa ameshatoka nje.

Jumatatu, 14 Aprili. Mvua. Shiko hajasema neno tangu juzi, ila "ndiyo" na "asante".

Jumapili, 27 Aprili. Asubuhi jua, jioni mawingu.

Tulimpeleka. Getini askari alimpungia Tata na kutufungulia. Ndani, barabara ni ya matofali safi na maji ya mvua yana mfereji wake. Kangendo ameandaliwa chumba chenye kitanda, meza na taa ya kusomea. Alizunguka chumba chote kisha akauliza, "Tata, na nani mwingine analala hapa?"

"Wewe tu, wajina."

Aliketi kando ya kitanda. Nyumbani hulala na Shiko kwenye godoro moja. Nilimwambia nitakuja baada ya wiki mbili. Hakulia, mimi ndiye niliyelia tulipofika barabara kuu, na Kinyanjui alitazama upande wa pili.

Jumatano, 30 Aprili. Jua. Nilipiga simu. Yuko sawa, anakula.

Jumamosi, 3 Mei. Mvua kubwa. Darasa la Shiko limehamishiwa kanisani.

Jumanne, 6 Mei. Mvua. Hakuna jipya.

Jumamosi, 10 Mei. Asubuhi baridi, ukungu. Mvua ilinikuta Kamakis.

Naandika haya taratibu ili nisiongeze wala nisipunguze.

Nilifika getini na chapati nilizopika alfajiri. Askari si yule wa kwanza. Alinitazama viatu.

"Mathe, unaenda nyumba gani? Wa dobi huingia Jumatatu na Alhamisi."

Nikamwambia mimi ni mgeni wa Ngendo, wa nyumba za mwisho.

"Aa, kwa Mama Ngendo. Ungesema mapema. Pita."

Sikuwahi kusikia mtu akimwita Tata hivyo. Maisha yake yote ameitwa dada, ama madam, ama tata. Mimi huitwa Mama Shiko kwa sababu Shiko ndiye wa kwanza, na hilo litabaki hata nikimpoteza yule wa pili. Nilitembea nikiwaza hivyo mpaka nikaona bembea. Kangendo alikuwa hapo na wasichana wengine wawili, mmoja akiendesha baiskeli. Aliponiona alishuka, akaanza kukimbia. Katikati ya njia akasimama.

Yule wa baiskeli, nimejua baadaye anaitwa Janice, akamuuliza, "Who's that?"

Kangendo alisema, "Ni tata wangu wa Thika."

Hakuinamisha macho. Alinitazama moja kwa moja na kuomba kwa macho hayo, kama anavyofanya akiwa amevunja kikombe na hajui kama nimeona.

Nikasema, "Hamjambo watoto."

"Hatujambo, auntie," wakajibu wote watatu.

Ndani ya nyumba alinivuta mpaka chooni, akafunga mlango, akanikumbatia kiunoni na kusukuma uso wake kwenye sweta langu lililolowa. Aliponiachia alinawa uso, akatoka akiwa sawa kabisa. Ni mtoto wa miaka kumi na mmoja. Sikujua kwamba anaweza kujipanga hivyo.

Tata alinipa chai jikoni. "Usinichukulie vibaya," alisema. "Niliwaambia nyinyi wawili siku ile. Ajulikane ni wangu. Akisema mama yake yuko Thika, kesho yuko getini na begi."

"Ulimfundisha aniite tata?"

"Hapana. Nilimwambia tu mama ni mmoja. Hiyo ingine amejipangia mwenyewe." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na hatujadanganya sana, Mama Shiko. Jina ni langu."

Chapati nilizoleta ziliwekwa mezani. Kangendo alikula tatu.

Jumapili, 11 Mei. Mvua siku nzima. Sikuenda kanisani.

Nimemwambia Kinyanjui. Alikuwa akifunga kamba za viatu, akaacha.

"Mimi sikutoa mtoto," alisema. "Nilitoa jina."

Nilikasirika naye zaidi ya nilivyokasirika na dada yake. Nilimkumbusha kwamba mama yangu alirukwa ili jina hilo litolewe. Alisema niache kufufua mambo. Shiko alikuwa pembeni akisoma na mwanga wa simu, akageuza ukurasa kwa nguvu.

Nimemchukia Tata leo mchana kutwa. Nimechukia taa yake ya kusomea na mfereji wake wa maji. Nimejaribu kuona jinsi alivyopanga haya yote tangu siku mtoto alipozaliwa. Kufikia jioni nilijua si kweli. Hakuna aliyepanga. Wenye uwezo walihama upande wao, wakaenda na walimu na madarasa, wakafunga geti, na sisi tulipobisha hodi walituuliza tunatoka nyumba gani.

Ijumaa, 16 Mei. Mvua kidogo.

Mwalimu Njau amepata uhamisho. Alikuja dukani kuchukua suruali ya mwanawe, na alipoulizia Kangendo nikamwambia. "Mmefanya vizuri," alisema. Mwanawe naye anasoma shule yenye basi la manjano. Sikumuuliza. Niliona rangi ya kitambaa.

Jumatatu, 19 Mei. Mvua.

Jumatano, 21 Mei. Mvua. Kangendo hakupokea simu. Baadaye alituma ujumbe kwa simu ya Tata: wana mradi wa maua.

Jumamosi, 24 Mei. Asubuhi mvua, mchana ilikatika ghafla.

Tata alikuja tena, bila kutuambia, akiwa ameshika viatu mkononi na suruali imekunjwa hadi magotini. Akoth alimwona kwanza akapiga kelele, "Mama Shiko, kuna mgeni wa matope!"

Nilidhani amekuja kuleta shida. Aliketi kwenye stuli, akanywa maji, kisha akasema, "Wajina anakataa saluni. Anasema wanavuta. Anataka matuta kama yale ulikuwa unamsuka. Mimi sijui kusuka, Mama Shiko. Sikuwahi kuwa na wa kusuka."

Nilimtazama huyu mwanamke ambaye katika mikutano ya familia huongea wa kwanza. Amri zake zote zilikuwa zimemwisha. Alikuwa ameacha gari Thika mjini na kutembea kwenye matope ili afundishwe matuta.

Nilihitaji kichwa. Nikamwita Shiko. Alikuja bila kununa, akaketi sakafuni kati ya magoti ya Tata, na mimi nikasimama nyuma nikimwonyesha: gawa hivi, chukua kidogo, nyoosha, usibane kwa paji la uso. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumshika Shiko kichwani.

"Tata, unavuta," Shiko akasema.

"Pole, Shiko. Pole sana."

Mstari wa kwanza ukaisha, umepinda kidogo.

"Tata, huko wako na maabara?" Shiko akauliza.

"Wako nayo."

"Na hadubini? Zile za kuona seli?"

"Niliziona siku ya kuonyeshwa shule. Lakini wajina yuko gredi ya nne, hawajafika huko."

"Aa," Shiko akasema. "Sisi huchorewa kwa ubao. Mwaka huu hata wa kuchora hakuna."

Tata alisimamisha mikono. Aliangalia kile kichwa kilichokuwa mapajani mwake kwa muda. Nilingoja. Nilingoja sana, nakiri, na nilikuwa tayari kumsamehe yote. Kisha akachukua mafungu mengine matatu ya nywele na kuendelea, na nikaelewa kwamba hata kama ameona haja ya Shiko, hana njia ya kuifikia. Ni mtu ambaye aliambiwa tangu utotoni kwamba wake ni yule mwenye jina lake. Amengoja miaka mingi kupata huyo mmoja. Hakuna aliyemfundisha kuhesabu wawili.

Shiko alibaki na matuta hayo yaliyopinda. Nilimwambia nitayafumua. Akasema, "Wacha tu."

Jumanne, 27 Mei. Mawingu. Mvua inaelekea kwisha, wanasema.

Jumamosi, 31 Mei. Jua. Kamba zote za nguo zimejaa.

Tata alipiga simu. Wiki ijayo ni siku ya wazazi shuleni, ataenda yeye. Na likizo ya Agosti darasa zima linakwenda Nanyuki, angependa Kangendo aende, kisha abaki kwake mpaka muhula wa tatu, maana akirudi huku anasahau Kiingereza. Halafu akampa mtoto simu. Kangendo alisema haraka haraka, "Mum, hiyo siku ya wazazi usikuje, sawa? Usikasirike."

Simu ilikuwa kwa sauti kubwa. Kinyanjui alisikia yote. Alikula mpaka akamaliza, akanawa mikono.

"Kesho uende umlete," alisema. "Asome hapa na wenzake. Usirudi bila mtoto."

"Mbona usiende wewe?"

"Nikienda mimi nitagombana na dada yangu, na hatutasikizana tena."

Nimetoa begi la Kangendo chini ya kitanda, lile la zamani, nikalipangusa. Nimefurahi. Naandika kwamba nimefurahi kwa sababu ni kweli. Shiko amesogeza vitabu vyake upande mmoja wa godoro.

Jumapili, 1 Juni. Asubuhi safi, anga la bluu, hakuna wingu hata moja.

Nilifika Kamakis saa sita, moshi wa nyama choma ukiwa umejaa barabarani. Tata alifungua mlango, akaona begi tupu mkononi mwangu, akajua. Hakubishana. Alisema, "Yuko juu anamaliza kazi ya shule. Kaa kwanza." Akaenda jikoni na nikasikia amefungua bomba na kuliacha likimwagika.

Nilipanda juu. Kangendo alikuwa mezani, matuta yake mapya yamenyooka. Aliona begi. Aliweka penseli chini kwa uangalifu sana.

"Ni baba amesema?"

"Ndiyo."

"Naweza kumaliza hii kwanza?"

Nikamwambia amalize. Niliketi kitandani, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikachukua madaftari yake yaliyokuwa karibu nami. Lile la insha lilikuwa na wino mwekundu kila ukurasa. Si vema na makosa tu. Pembeni mwa sentensi moja mwalimu ameandika: *Kwa nini ng'ombe alirudi? Nieleze zaidi.* Chini, Kangendo ameeleza zaidi, na mwalimu amejibu: *Sasa nimeona.* Ukurasa unaofuata ulikuwa hivyo hivyo. Wiki tano, na kila siku mtu mzima ameketi akasoma mwandiko wa mtoto wangu mstari kwa mstari, akamwuliza swali, akangoja jibu.

Nakumbuka madaftari yake ya Thika. Alama moja kubwa ya vema kurasa tatu kwa pamoja, na wakati mwingine hakuna. Simlaumu Mwalimu Njau, aliyekuwa na zaidi ya watoto mia darasani. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza Kangendo kwa nini ng'ombe alirudi.

Sikumuuliza kama anataka kubaki. Ningemuuliza, angebeba jibu hilo mpaka uzeeni, lolote ambalo angesema. Nilikunja begi lile likawa dogo, nikaliweka kwapani.

"Maliza polepole," nikamwambia. "Sikuja kukuchukua. Nimekuja kukuona tu."

Alitazama begi lililokuwa kwapani mwangu. Ni mtoto mwerevu, alijua. Akachukua penseli.

Tata alikuwa bado amesimama mbele ya bomba. Nilimwambia atabaki, na kwamba siku ya wazazi aende yeye, na asisahau kumuuliza mwalimu kuhusu kugawanya, maana hapo ndipo mtoto huyu hukwama. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Akanishika mkono kwa mkono wake uliolowa, akasema, "Mama Shiko," kisha akafunga bomba.

Kangendo alinisindikiza. Janice na wengine walikuwa kwa bembea. Tulipofika getini, askari yule wa viatu alitabasamu. "Ngendo, unasindikiza mgeni? Usivuke mstari, mamako atatuuliza."

Mtoto alisimama kabla ya mstari mweupe. Midomo yake ilikuwa imeanza kucheza. Niliona kwamba neno linakuja, lile lake la kweli, pale mbele ya askari na mbele ya wenzake, na kwamba hawezi kulizuia zaidi ya hapo. Nikaliwahi.

"Rudi sasa, Ngendo," nikamwambia kwa sauti ya kusikika. "Mama yako anakungoja."

Akageuka akarudi. Sikuangalia kama alikimbia.

Nyumbani Kinyanjui alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma yangu, barabarani, mpaka boda boda iliyonileta ikapotea. Kisha akaingia ndani akavua viatu. Hajaniuliza na sijamwambia. Shiko alitandika godoro, akalala katikati.

Nimeandika mpaka wino umefifia. Nje ni kukavu, vyura wamenyamaza. Nalala saa tisa na robo usiku.